Mwenye kamera siye mwenye filamu

Filamu inaweza kupigwa vizuri kuanzia mwalo wa Kirumba, Mwanza, hadi Ukerewe na bado isiuzike. Kituo cha televisheni kikishaipenda, swali linalofuata ni la karatasi: nani aliandika skripti, nani aliigiza, muziki ni wa nani, na kila mmoja wao amekuachia nini kwa maandishi. Hapo ndipo kazi nyingi hukwama, na chanzo mara nyingi ni maneno ya kijiweni yaliyozoeleka hadi yakaonekana ni sheria.

Dhana: Kamera ni yangu, kwa hiyo filamu ni yangu

Kamera ni kitendea kazi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya 1999, filamu kimsingi ni ya mtayarishaji, yaani aliyeianzisha na kubeba jukumu la kuikamilisha, labda mkataba useme vingine. Aliyekodisha kamera anadai kodi yake, basi.

Shida ni kwamba vikundi vingi havina mtayarishaji anayejulikana. Mmoja kaleta kamera, mwingine kachangia mafuta ya boti, wa tatu kaandika, wa nne ana kompyuta ya kuhariria. Wakikorofishana, aliyeshika diski ndiye anayejigeuza mwenye mali, kwa kuwa hakuna karatasi ya kumkatalia. Kabla ya siku ya kwanza ya kupiga, andikeni ukurasa mmoja: mtayarishaji ni nani, kila mtu analipwa fedha taslimu au asilimia, na faili zinakabidhiwa lini. Kila jioni picha zinakiliwe kwenye diski mbili, moja ibaki kwa mtayarishaji, na anayekabidhi na anayepokea watie sahihi kwenye daftari. Mhariri naye akabidhi faili za mradi wa uhariri pamoja na video iliyokamilika. Bila faili hizo, hata jina lililokosewa mwishoni mwa filamu hulirekebishi bila kumbembeleza.

Dhana: Nisiposajili COSOTA sina haki

Haki huzaliwa kazi inapotungwa. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni ushahidi, na ushahidi mzuri, lakini hauzai haki. Skripti hulindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Filamu hulindwa miaka 50 tangu itengenezwe au itolewe kwa umma.

Ila wazo tupu halilindwi. Kisa cha mvuvi anayemkimbia mdai wake kisiwani kinaweza kuandikwa na watu kumi, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Chako ni namna ulivyokiandika: matukio, mazungumzo, mpangilio. Kwa hiyo andika kwanza, weka tarehe, ndipo umsimulie mwenye pesa.

Dhana: Sekunde 10 za wimbo haziwezi kunifunga

Hakuna kipimo cha sekunde. Wala kuandika kwenye skrini kwamba wimbo si wako hakukusaidii; hapo umekiri mwenyewe. Wimbo mmoja una haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na unahitaji ruhusa ya zote. Biti za bure za mtandaoni nyingi zina sharti la kutotumika kibiashara, na sharti hilo watu hulisoma baada ya YouTube kuhamishia mapato ya video kwa mwenye wimbo.

Ngoma za asili nazo hazikuachwa wazi. Ukirekodi kikundi cha Bugobogobo kikicheza na majembe, wachezaji wana hakishiriki, yaani haki ya mtumbuizaji, katika uchezaji wao, kwa hiyo ridhaa yao iandikwe na malipo yatajwe. Tena sheria hiyo hiyo inataka kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, pale sanaa ya jadi inapotumiwa kwa biashara na nje ya mazingira yake ya kimila. Kuazima vionjo ili kutunga kitu kipya ni jambo jingine, linaruhusiwa.

Dhana: Nina kibali cha Bodi, napiga popote

Kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kinaombwa kabla ya kupiga, na skripti huambatanishwa. Filamu ikikamilika hurudi kukaguliwa na kupewa daraja la umri kabla ya kuoneshwa. Wanaosahau hatua hii ya pili ni wengi kuliko wanaosahau ya kwanza.

Lakini Bodi haimiliki lokesheni. Kisiwa cha Saanane, kinachoonekana kutoka Capri Point, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, hivyo unakwenda TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Gati za bandari ziko chini ya TPA, mamlaka ya bandari. Droni ina utaratibu wake wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usisahau kwamba uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, ufukweni kabisa. Kwenye mwalo, zungumza na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na serikali ya mtaa siku kadhaa kabla. Ukifika na kamera alfajiri dagaa wanaposhushwa, hakuna mwenye muda wa kukusikiliza.

Mwigizaji akiwa chini ya miaka 18, sahihi yake haitoshi. Anasaini mzazi au mlezi.

Dhana: Kuuza masta (nakala mama) ni kuuza filamu mara moja, yameisha

Yameisha kweli, kwako. Mkataba ukisema haki zote, milele, kote duniani, umeuza televisheni, mtandao, vibanda umiza na hata tafsiri kwa bei ya siku moja. Badala ya kuuza, toa leseni na utaje mambo manne: njia ya kuonesha, eneo, muda, na kama ni ya kipekee. Kwa mfano, televisheni tu, Tanzania tu, miaka miwili. Mtandao unabaki wako.

Soma pia neno moja dogo kwenye asilimia: ni ya faida au ya mapato. Tuseme filamu imeingiza shilingi 8,000,000. Msambazaji anachukua asilimia 30, yaani 2,400,000, zinabaki 5,600,000. Gharama za kutengeneza 5,000,000 zinarudishwa kwanza. Faida ni 600,000. Mwigizaji aliyeahidiwa asilimia 10 ya faida anapata 60,000. Angeandikiwa asilimia 10 ya mapato yote angepata 800,000. Mwigizaji akikubali faida, basi orodha ya gharama zinazokatwa iambatanishwe na iwe na kikomo, maana gharama zisizo na kikomo huongezeka kila filamu inapofanya vizuri.

Dhana: Bila mhuri wa wakili mkataba ni batili

Si kweli. Hata makubaliano ya mdomo ni mkataba, ingawa kuyathibitisha ni kazi, na kuhamisha hakimiliki kunataka maandishi na sahihi. Kinachowanasa watu mahakamani ni ushuru wa stempu: mkataba unaotakiwa kulipiwa usipolipiwa haupokelewi kama ushahidi hadi ushuru na faini vilipwe. Unalipwa TRA, ndani ya siku 30 tangu kusaini.