Maoni Yako Kuhusu Kiwango Yaje Kabla ya Kura

Kila kura ya kiwango cha kiufundi, yaani waraka wa masharti ya jinsi kitu kitengenezwe au kipimwe, inapofungwa, sisi wa sekretarieti ya kamati inayokiandika huanza kupokea malalamiko ambayo yangetufaa sana miezi miwili nyuma. Wanaoandika wanaijua kazi yao: mafundi, wasimamizi wa mitambo, wanunuzi wa vifaa. Hoja zao zina uzito, lakini kura imeshapita.

Wengine hudhani wahandisi wachache hujifungia chumbani na kuandika wapendavyo. Sivyo hata kidogo. Kwa ISO, shirika la kimataifa la viwango, rasimu hupigiwa kura kwa wiki 12. Ili ipite, thuluthi mbili ya kura za wanachama washiriki wa kamati (mashirika ya viwango ya nchi zinazoshiriki kazi yake) ziikubali, na kura za kupinga zisizidi robo ya kura zote. Asiyechagua upande hahesabiwi. Kura ya hapana isiyo na sababu za kiufundi nayo haihesabiwi, na hili tumelieleza mara nyingi mno: ukikataa bila kueleza, hujakataa. IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki, wanataka angalau asilimia 75 ya kura zirudi, na kati ya waliosema ndiyo au hapana, asilimia 75 wakubali. Hoja zinazoambatana na kura hujibiwa, na rasimu ikibadilishwa kwa uzito hurudi kwa wapigakura.

Kwa hiyo taja kifungu, taja tatizo, kisha pendekeza maneno mbadala. Barua inayosema tu kwamba kiwango ni kibaya, kamati haina pa kuishika.

Kiwango chenyewe si sheria. Huwa lazima pale sheria au mkataba unapokitaja, na hapo ndipo adhabu huingia. Adhabu hiyo hutolewa na mamlaka husika, si na kamati iliyokiandika. Chukua mfano wa boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke: mwaka 1905 moja lililipuka katika kiwanda cha viatu huko Brockton, jimbo la Massachusetts, Marekani, na watu 58 wakafa. Jimbo hilo lilitunga kanuni zake za boila 1907. ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, kiliunda kamati ya boila 1911, na kanuni zake za kwanza zikatoka 1915. Majimbo yalipoziingiza katika sheria zao ndipo zikambana mwenye boila.

Kama umechelewa safari hii, usiitupe hoja yako. Viwango vya ISO hupitiwa upya angalau kila miaka 5, vikathibitishwa, vikarekebishwa au vikaondolewa. Andika sasa, ambatisha vipimo na kumbukumbu za hitilafu ulizoziona, kisha utume kwa shirika la viwango la nchi yako, maana ndilo lenye kura.