Kabla hujanunua hedi mpya, chapa kipimo mara tatu

Hedi nyingi (hedi ni kichwa cha printa kinachorusha wino) zinazotangazwa kuwa zimekufa bado ni nzima. Kilichochoka ni dampa, yaani kifuko kidogo chenye chujio kinachopitisha wino kwenda kwenye hedi, au mpira wa kepu, yaani kifuniko ambacho hedi hupumzikia, au mrija unaoingiza hewa mahali usipopaona. Hapa nazungumzia printa za mabango na stika zenye wino wa eko-solventi (wino wa kiyeyusho, si wa maji) na hedi za Epson, hasa DX5 na XP600.

Nyuma ya kila tundu la hedi hizi kuna kauri ya piezo. Umeme ukiipiga inajikunja na kurusha tone. DX5 ina matundu 1,440, yaani safu 8 za matundu 180. XP600 ina safu 6, jumla 1,080. Tone likishatoka, wino wa kuziba nafasi yake hufuata taratibu kupitia dampa, bila pampu ya kuusukuma hadi kwenye tundu. Ndiyo maana kiputo kimoja cha hewa kinatosha kunyamazisha safu nzima, na fundi akadhani hedi imeziba.

Basi usianze kwa kusafisha. Chapa kipimo cha nozeli, yaani karatasi ya mistari midogo inayoonyesha matundu yapi yanatoa wino, mara tatu mfululizo, bila kuamuru usafishaji katikati, uandike 1, 2 na 3, kisha uvilaze sambamba. Mapengo yakiwa palepale katika karatasi zote tatu, hapo kuna wino uliokauka au tundu lisilopata umeme. Yakihama, leo huku kesho kule, hiyo ni hewa, na kuloweka hedi hakutakusaidia. Rangi nzima ikikosekana ghafla, shuku dampa au kebo bapa inayopeleka umeme kwenye hedi, kabla ya hedi yenyewe. Mistari ikiwepo lakini imepinda, angalia nyuzi na wino mgumu kwenye waipa (ulimi wa mpira unaofuta hedi) na kwenye kingo za hedi. Vinyl (plastiki ya kuchapia) iliyoinuka ukingoni ikigonga hedi huacha dalili hiyohiyo.

Kuna hali moja ambayo karatasi hizo hazitaionyesha. Kipimo kinatoka safi, kazi inaanza vizuri, halafu baada ya nusu mita rangi inafifia na kuacha michirizi. Ukisimamisha dakika kumi, inarudi. Hiyo ni njaa ya wino. Kuithibitisha, chapa pazia la rangi tupu, asilimia 100, kila rangi peke yake, upana wote wa mashine, kisha chapa kipimo papo hapo. Rangi iliyopungua ndiyo yenye dampa iliyoziba chujio, au mrija uliokunjwa ndani ya mnyororo wa kebo.

Dampa haiogopeshi. Ichomoe, elekeza mdomo wake juu, uvute wino kwa sirinji polepole, mililita 2 au 3, mpaka viputo viishe. Ukihisi sirinji inavutwa kurudi, chujio limejaa, itupe dampa hiyo, usiioshe. Nati ya mrija ikaze kwa vidole tu. Ukiikaza kwa koleo, plastiki hupata ufa mwembamba, wino hauvuji lakini hewa inaingia, na utatafuta kosa hilo wiki nzima. Kwa mashine inayofanya kazi kila siku, mimi hubadilisha dampa zote pamoja kila baada ya miezi 6 hivi. Na usiyapandishe matangi ya wino juu ya usawa aliouweka mtengenezaji ili "wino ushuke haraka": mvuto mdogo unaouzuia wino usidondoke kwenye matundu utapotea, na hedi itaanza kutiririka.

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni kepu. Kazi yake ni mbili: kuufunika uso wa hedi usikauke, na kuufunga barabara ili pampu ivute wino. Sogeza hedi pembeni, jaza kepu maji ya kusafishia (ya dawa ya hedi, ya aina ya wino wako, si maji ya bomba) hadi ukingoni, amuru pampu ivute. Yanatakiwa kuondoka ndani ya sekunde chache. Yakisita, mrija wa pampu umebapika au umechomoka. Kisha jaza tena, rudisha hedi juu yake, zima mashine, subiri dakika 15. Ukikuta kepu imekauka, mpira haushiki. Mara nyingi umevimba kwa solventi au una ganda la wino ukingoni.

Kepu isiyovuta ikiachwa na wino uliosimama, hedi huunyonya wino huo kurudi ndani. Asubuhi njano inatoka na ukijani, kisha inajisafisha baada ya kuchapa kidogo. Kama haijisafishi kamwe, huenda utando wa ndani ya hedi umepasuka. Ukitia maji ya kusafishia kwenye njia moja ya wino ya hedi yakatokea safu ya rangi nyingine, hapo ndipo ninapokubali kwamba hedi imekwisha.

Utando huo kwa kawaida tunaupasua wenyewe, kwa sirinji. Kama kipimo kimeonyesha mapengo yasiyohama na kepu ni nzima, jaza kepu maji ya kusafishia, hedi ikae juu yake dakika 30, jaribu tena. Ikishindikana, ndipo uje kwenye sirinji ya mililita 10 yenye mrija laini wa mpira kwenye ncha: mililita 2 au 3 kwa kila njia, kwa nguvu ya kutoa matone tu, si mchirizi. Kabla ya hapo, chomoa plagi, funika tundu la kebo kwa tishu kavu, na hakikisha maji ni ya aina ya wino wako. Maji ya kawaida yakikutana na wino wa solventi huugandisha. Usiiache hedi ikilowa usiku kucha. Solventi hula gundi inayoshika uso wake. Vilevile usiamuru usafishaji wa mashine zaidi ya mara tatu mfululizo. Kama kepu inavuja, kila mzunguko unavuta hewa, na mapengo yanaongezeka badala ya kupungua.

Tone moja la wino kwenye kebo bapa linaweza kuua kilichopona. Likifika kwenye miguu ya kebo huleta shoti, na mashine ikiwashwa hedi na bodi huungua pamoja. Ukiona doa jeusi kwenye ncha ya kebo, itupe. Pima fyuzi za bodi kwa mita kabla ya kufunga hedi nyingine, kwa sababu hedi mpya kwenye bodi yenye hitilafu huungua palepale.

Kubadilisha aina ya wino nako kuna hatari yake. Changanya mililita 5 za wino wa zamani na 5 za mpya kwenye chupa angavu, funga, acha saa 24. Ukiona chembe au utelezi wa jeli, osha mirija yote na ubadilishe dampa kwanza.

Halafu kuna umeme unaokatika katikati ya kazi. Hedi inabaki wazi juu ya sahani yenye joto la nyuzi 40, na wino unaanza kukauka usoni. Zima swichi ya mashine, sukuma hedi kwa mkono taratibu hadi kwenye kepu. Kama kepu ya mashine yako hupandishwa na mota, haitafunga. Weka chini ya hedi kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa maji ya kusafishia, kiguse uso wake bila kukandamiza. Umeme ukirudi, kitoe kitambaa kabla ya kuwasha.