Karatasi ya tathmini kazini: usisaini tu, isome kwanza

Dada mmoja alikuja ofisini kwetu hapa Arusha jioni tukiwa tunakaribia kufunga, kashika bahasha ya kaki, ndani fomu moja tu ya tathmini. Yuko kwenye kampuni ndogo inayotengeneza mifumo ya bukingi za watalii, na yeye ndiye anaamshwa usiku mfumo ukigoma, maana mgeni wa Marekani analipia safari wakati sisi tumelala. Bosi wake kampa mbili kati ya tano, chini kaandika "ana kisirani, mbishi, ajifunze kuwa mpole". Basi, imeishia hapo. Hakuna tarehe, hakuna kazi iliyoharibika wala mteja aliyelalamika. Mwenzake wa kiume ambaye wameajiriwa siku moja kapata nne, yake imeandikwa "anasimamia anachokiamini". Nikamuuliza mlibishania nini, akasema wote wawili walikataa programu isiyojaribiwa ipelekwe kwa mteja. Kikao kilekile, sababu ileile.

Mimi kazi yangu ni masuala ya ajira na nakwambieni ukweli, fomu za namna hii naziona sana na zinaniuma, kwa sababu mtu anakosa promosheni na bonasi kwa neno moja ambalo hakuna aliyemuomba bosi alithibitishe.

Huko Marekani mwaka 2014 mtafiti wa lugha, Kieran Snyder, alikusanya tathmini 248 kutoka kampuni 28, nyingi za teknolojia, akaangalia maneno tu. Za wanawake, karibu 88 kati ya kila 100 zilikuwa na ukosoaji, za wanaume karibu 59. Kukosolewa kazi sio shida, wote tunakosolewa, shida ni kwamba wanawake walikuwa wanakosolewa tabia, mkali, anaongea sana, ashuke kidogo, na wanaume maneno hayo karibu hayapo kabisa.

Mwaka uliofuata, 2015, Katie Moussouris, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, akaishtaki Microsoft, alikowahi kufanya kazi, kwenye mahakama ya Seattle kwamba inabagua wanawake kwenye tathmini na promosheni. Kampuni ilikuwa na utaratibu, ikauacha 2013, mameneja wanakaa chumbani wanawapanga wafanyakazi kwa kulinganishana, yaani hata timu nzima ikifanya vizuri lazima kuna wa kuwekwa chini. Wewe uliyepangwa humo chumbani haupo, unaletewa namba tu. Nyaraka za kesi zilizowekwa wazi 2018 zilionyesha wanawake wa kazi za kiufundi walipeleka malalamiko 238 ya ndani kati ya 2010 na 2016, ya ubaguzi wa kijinsia na unyanyasaji wa kingono. Yale ya ubaguzi yalikuwa 118, na kampuni yenyewe ikaona moja tu ndio lina msingi. Moja! Kampuni ilikana kubagua.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mawakili walitaka wanawake zaidi ya 8,600 waingie kwenye kesi moja ya pamoja, jaji akakataa Juni 2018, rufaa nayo ikagonga mwamba Desemba 2019. Hoja kubwa ilikuwa kwamba maamuzi yalifanywa na mameneja wengi kila mmoja kivyake, kwahiyo huwezi kusema wote walibaguliwa kwa njia moja. Haina maana kwamba hakuna aliyebaguliwa, ina maana kila mtu abebe ushahidi wake, na ushahidi wako wa kwanza ndio hiyo karatasi.

Kwetu sheria imekaa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia, wa ujauzito, wa hali ya ndoa na mengine, na imetaja mifumo ya kutathmini utendaji, sio mishahara na kufukuzwa tu. Halafu ukishaonyesha mazingira yanayoashiria ubaguzi, mwajiri ndiye anatakiwa athibitishe kwamba haukuwepo au sababu ilikuwa nyingine. Kwahiyo wewe huhitaji kuingia kichwani mwa bosi, unahitaji fomu yako, ya mwaka jana pia, na kazi ulizofanya zenye tarehe.

Ukipewa fomu usiyokubaliana nayo, andika palepale juu ya sahihi yako "nimeisoma, sikubaliani na kipengele hiki", tarehe, omba kopi. Kisha muulize bosi kwa barua pepe, kwa lugha ya heshima kabisa, nipe mfano wa siku niliyofanya hivyo. Akijibu una jibu, akinyamaza nako umepata kitu. Ila usibebe nyaraka za wateja wa kampuni, utajiharibia mwenyewe.

Na muda, jamani, muda! Mgogoro unapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Arusha wapo na Moshi wapo. Kama umeachishwa kazi una siku 30, migogoro mingine siku 60, na fomu namba moja ya tume, ya kufungulia mgogoro, unampelekea kopi mwajiri kwanza, ndipo unairudisha tume na uthibitisho kwamba kaipokea. Watu wanakaa wanasubiri kikao cha menejimenti, mara Krismasi, siku zinayeyuka.

Yule dada tulihesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani. Ilikuwa siku ya 57 tangu apewe tathmini. Fomu ya tume tuliijaza jioni ileile, asubuhi saa mbili alikuwa mapokezi kwa mwajiri wake anasubiri mhuri.