FAQ: maana yake, na kazi ya mtunzaji wake

FAQ (Frequently Asked Questions, yaani maswali yanayoulizwa mara kwa mara) ni waraka unaokusanya maswali ambayo karibu kila mgeni huuliza, pamoja na majibu ambayo wenyeji wameshayajadili na kuyakubali. Siku hizi jina hilo limebandikwa hata kwenye kurasa za matangazo ya biashara. Kwenye Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya mjadala, lilibeba uzito zaidi: waraka ulikuwa na mtunzaji anayejulikana kwa jina, asiyelipwa, na aliyeutoa upya kila mwezi.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Kompyuta zilipigiana simu, mara nyingi usiku gharama zikiwa nafuu, zikapeana ujumbe wa makundi ya mjadala. Kila kompyuta ilibaki na nakala yake, na kwa kuwa diski zilikuwa ndogo, ujumbe ulifutwa baada ya siku au wiki chache. Jibu zuri la Januari halikuonekana tena Machi. Kwa hiyo mgeni aliyeuliza swali la zamani hakuwa mvivu. Hakuwa na pa kulitafuta.

Chukua kundi la comp.lang.c, la waandishi wa programu kwa lugha ya C. FAQ yake ilianzishwa mwaka 1990 na Steve Summit. Swali la 3.2 linahusu mstari huu: i ikiwa 7, kuchapisha i++ * i++ kunatoa 49 (i++ maana yake tumia i, kisha iongeze moja; * ni kuzidisha). Mbona si 56? Jibu ni kwamba kanuni za C hazisemi i itaongezwa lini hasa katikati ya hesabu hiyo, hivyo usitegemee tokeo lolote. Mwenyeji aliyechoka aliweza kuandika tu "soma 3.2". Ndiyo maana namba za maswali hazichezewi: ukizipanga upya, rejea zote za nyuma zinaelekeza kwenye jibu lisilohusika.

Kuandika ndiyo sehemu nyepesi. Mtunzaji alipeleka rasimu kundini, akapokea masahihisho kwa barua pepe, akawataja waliochangia. Mistari ilifupishwa iwe na herufi 72 hivi, kwa sababu skrini nyingi zilionyesha 80 na alama za kunukuu zilizoongezwa mwanzoni mwa mistari kwenye majibu zilihitaji nafasi. Waraka mrefu uligawanywa sehemu, maana baadhi ya programu zilikwama kwenye ujumbe uliozidi KB 64.

Kisha vichwa vya ujumbe, yaani mistari ya maelekezo inayotangulia maandishi yenyewe, ambako ndiko wengi walikosea. Expires iliiambia seva isifute waraka kabla ya tarehe fulani. Ikiwa unatoa FAQ kila baada ya siku 30, weka tarehe ya mbele zaidi, tuseme siku 40, ili ujumbe mpya ukichelewa njiani kundi lisibaki tupu. Ukisahau, waraka hufutwa pamoja na mazungumzo ya kawaida, na wageni wa nusu ya pili ya mwezi hawaukuti. Supersedes ilitaja kitambulisho cha toleo la zamani ili liondolewe. Herufi moja ikikosewa, matoleo mawili hubaki yakipingana. Followup-To ilirudisha majibu kwenye kundi husika, kwa sababu nakala nyingine ilikwenda news.answers, kundi lenye wasimamizi ambalo lilipokea nyaraka tu, si mijadala.

Nyaraka zilizopita news.answers zilihifadhiwa kwenye seva ya rtfm.mit.edu, chini ya jina lililoandikwa kwenye mstari wa Archive-name. Hata asiye na FTP, njia ya kunakili faili kutoka kompyuta nyingine, aliweza kuziagiza kwa barua pepe.

Kinachoua FAQ ni mtunzaji kuondoka kimya. Programu iliyopangwa kutuma kila mwezi huendelea kutuma, lakini masahihisho yanaenda kwenye anwani iliyokufa. Tazama mstari wa Last-modified: ujumbe ukiwa wa wiki hii na tarehe hiyo ina miaka mitatu, waraka huo hauna mwenyewe.