Midoli na taswira ya mwili: viungo hufundisha zaidi ya nguo

Majukumu ya kijinsia ni yale ambayo jamii humtarajia mtu ayafanye, au asiyafanye, kwa kuwa tu ni wa kike au wa kiume: nani apike, nani ashike spana, nani aruhusiwe kulia mbele za watu. Taswira ya mwili ni jinsi mtu anavyouona na kuuhukumu mwili wake akilini mwake, hata kama kioo kinasema vingine. Yote mawili huanza kujengeka utotoni. Akifika miaka mitatu hivi mtoto anajua kama yeye ni msichana au mvulana, na kati ya miaka mitano na saba huwa mkali wa kanuni kuliko hata mama yake: hiki cha wasichana, hiki cha wavulana, na hasikii la mtu. Ndio umri huohuo anaoshinda na midoli.

Watu wakizungumzia midoli huanza na rangi ya waridi na magauni. Hayo yana uzito wake, lakini yanatangulizwa bure. Cha kuangalia kwanza ni plastiki yenyewe: imekatwa wapi, inakunja wapi, inasimamaje. Umbo ndilo linaloamua mtoto ataufanyisha mdoli kazi gani.

Barbie ilioneshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Machi 1959, na kampuni ya Mattel. Ruth Handler, aliyeibuni, alikuwa ameona mdoli wa Kijerumani ulioitwa Bild Lilli, wenye umbo la mwanamke mzima, wakati midoli mingi ya Marekani ilikuwa vichanga. Tofauti hiyo si ndogo. Ukimpa mtoto mdoli wa kichanga, anakuwa mama. Ukimpa wa mtu mzima, anajitazama yeye mwenyewe atakavyokuwa akikua.

Barbie ile ya kwanza iligeuka shingoni, mabegani na nyongani, basi. Kiwiko hakikunji, goti halikunji, na nyayo zimenyanyuliwa zikingoja viatu vya visigino virefu, kwa hiyo haisimami bila stendi au kuegeshwa. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ikatoa G.I. Joe, askari wa sentimita 30 hivi mwenye sehemu 21 zinazochezeka. Alichuchumaa, alipanda, alishika silaha. Wenyewe hawakutaka kabisa aitwe mdoli, wakihofia hakuna baba atakayemnunulia mwanawe.

Sasa fikiria mikono ya watoto hao wawili. Mdoli usiokunja goti utaufanyia nini? Utauvisha, utauvua, utauchana nywele, utauegesha ukutani uutazame. Wa pili unatambaa chini ya kiti na kuruka kutoka dirishani. Hakuna aliyemhubiria mtoto kwamba mwanamke ni wa kutazamwa na mwanaume ni wa kutenda, viungo vimeshasema. Mwaka 1965 Barbie ilipata magoti yanayokunja, lakini mwaka huohuo kukatoka seti ya kulala kwa marafiki iliyokuja na mizani iliyosimama kwenye ratili 110, yaani kilo 50 hivi, pamoja na kijitabu cha kupunguza uzito chenye ushauri mmoja tu: usile.

Kiuno nacho kina historia ya ufundi, na fundi cherehani yeyote ataielewa haraka. Mdoli ni kama moja ya sita ya mtu, lakini kitambaa hakipungui unene kwa kiasi hicho. Ukivika blauzi, ukaichomekea kwenye sketi yenye pindo, kiuno cha mdoli kinabeba matabaka manne ya kitambaa kinene kuliko inavyostahili. Kiuno kikaachwa chembamba ili nguo zikae. Sababu ni ya kweli, ila mtoto hajui habari za mapindo, na mara nyingi mdoli anao uchi mkononi.

Ukitaka kujua wa kwenu ukoje, pima. Chukua kimo cha mdoli kwa sentimita, kisha gawanya 160 (kimo cha mwanamke wa kawaida) kwa namba hiyo. Mdoli wa sentimita 29 unakupa 5.5. Zungusha uzi kiunoni, unyooshe kwenye rula, zidisha kwa 5.5. Uzi wa sentimita 9 unatoa kiuno cha 50, ambacho ni cha mtoto wa chekechea. Watafiti wa Australia walifanya hesabu ya namna hii mwaka 1996 kwa kulinganisha na vipimo vya watu halisi: umbo la Barbie lingepatikana kwa chini ya mwanamke 1 kati ya 100,000. La Ken, mwenzake wa kiume, 1 kati ya 50.

Je, umbo hilo linamwingia mtoto? Uingereza, mwaka 2006, wasichana 162 wa miaka mitano hadi minane walioneshwa picha za Barbie, za mdoli mnene zaidi, au picha zisizo na mdoli. Wadogo waliotazama Barbie hawakuuridhia mwili wao kama wenzao, na walitamani kuwa wembamba zaidi. Kwa wakubwa wa kundi hilo athari hiyo ya papo hapo haikuonekana. Kwa maoni yetu hiyo si habari njema sana: huenda somo lilikuwa limeshakaa, halihitaji tena kukumbushwa. Uholanzi, mwaka 2010, mdoli mwembamba haukubadilisha majibu ya wasichana kuhusu miili yao, ila waliochezea mdoli wa umbo la kawaida walikula zaidi walipopewa vitafunio. Kwa hiyo ushahidi upo, lakini ni kama msumeno, hauendi upande mmoja, na ni wa muda mfupi. Anayekuambia mdoli mmoja huleta ugonjwa wa kujinyima chakula anatia chumvi.

Utafiti unaotufaa zaidi ni wa Marekani wa mwaka 2014. Wasichana 37 wa miaka minne hadi saba walicheza dakika tano tu, wengine na Barbie ya mitindo, wengine na Barbie ya daktari, wengine na mdoli wa kiazi wenye macho na mikono ya kuchomeka. Kisha wakaulizwa kazi 10: zipi wataziweza wao, zipi wavulana wataziweza. Waliocheza na Barbie walijipa kazi chache kuliko walizowapa wavulana. Na koti la daktari halikusaidia. Matokeo ya daktari na ya mwanamitindo yalifanana. Hapa ndipo wazazi wengi wenye nia njema hukosea. Hununua mwili uleule, wakaamini stethoskopu imemaliza kazi.

Mattel ilitoa maumbo matatu mapya mwaka 2016: refu, fupi na nene. Nguo za zamani haziingii kwenye lile nene, na watoto huligundua hilo dakika ya kwanza. Nigeria, Taofick Okoya alipoanza midoli yake ya Queens of Africa alijaribu miili minene, akasema watoto hawakuipenda. Akarudi kwenye wembamba. Mtoto aliyekwisha kuzoea kipimo hukitetea.

Wavulana nao wamo. Ukimkuza G.I. Joe wa 1964 hadi kimo cha mtu wa sentimita 178, mzunguko wa mkono wake wa juu ni kama sentimita 31. Toleo la misuli la miaka ya 1990 lilifika 68, mkono ambao hata watunisha misuli hawana.

Kwetu, magari ya waya na kalongolongo hayana kiuno cha kupima, lakini mgawanyo wa kazi umo: mvulana anakunja waya na kusawazisha magurudumu, msichana anapika udongo kwenye kifuniko. Anayekunja waya anajifunza vipimo na pembe, anayepika anajifunza kugawa na kungoja. Wabadilishane.

Dukani, jaribu mambo matatu kabla ya kulipa: kunja kiwiko na goti, simamisha mdoli bila kuushika, na hesabu ndani ya boksi vifaa vya kufanyia kitu dhidi ya vya kujipambia. Ukikuta chanuo mbili, kioo, viatu jozi nne na hakuna kingine, mchezo umeshapangwa. Kama mdoli mwembamba umeshaingia nyumbani, usimnyang'anye. Kilichokatazwa hupanda thamani. Mpe mwanao vitambaa, gunzi na uzi atengeneze jirani zake wa maumbo mengine, wa ngozi yake na nywele zake, na muulize swali moja la kawaida wakati anacheza: "Huyu anafanya kazi gani leo?" Na usiseme mbele yake kwamba umenenepa mno.