Kusomea udaktari ukiwa tayari na shahada: maana yake na hesabu yake kwa Mtanzania

Katika nchi kadhaa kuna vyuo vya tiba ambavyo havimchukui kijana aliyetoka sekondari. Vinamtaka mtu aliyekwisha maliza shahada ya kwanza, iwe ya biolojia, ya uhandisi, au hata ya historia, kisha vinamfundisha udaktari kwa miaka minne. Hapa tuiite njia ya wahitimu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, aliyezoea kuona mtoto wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) akitoka kidato cha sita na kuingia mwaka wa kwanza wa MD, yaani shahada ya udaktari, pale Muhimbili, Upanga, utaratibu huu ni mgeni kidogo. Hata hivyo kila dirisha la udahili linapofunguliwa swali ni lilelile kutoka kwa watu wenye BSc zao na kazi zao za maabara au famasi: naweza kuwa daktari bila kukaa darasani miaka mitano na vijana wa miaka 19?

Kabla ya kujibu, kuna jambo linalowachanganya wengi. Kozi inayodai shahada ili uingie inasikika kama uzamili. Siyo. Anayeimaliza anatoka na shahada ya daktari wa kawaida, iitwe MD, MBBS au MBChB kutegemea nchi, na akirudi nyumbani ngazi yake ni sawa na ya aliyemaliza Muhimbili au Kairuki mwaka huo huo. Si daktari bingwa. Ubingwa atautafuta baadaye kwa MMed, shahada ya uzamili ya tiba, kama wenzake wote. Kwa hiyo yule shangazi wa Tabata anayewatangazia majirani kwamba mpwa wake yuko Uingereza anasomea ubingwa, tumsamehe, ila hajapatia.

Chimbuko la utaratibu huu ni Marekani. Chuo cha tiba cha Johns Hopkins kilipofunguliwa Baltimore mwaka 1893 kiliweka sharti la shahada, wakati ambapo vyuo vingi vya huko vilimchukua yeyote mwenye ada. Mwaka 1910 Abraham Flexner alichapisha ripoti yake baada ya kukagua vyuo 155 vya Marekani na Canada, akaeleza bila kupepesa macho kwamba vingi havikustahili kufundisha. Vingi vilifungwa au kuunganishwa, na mfano wa Johns Hopkins ukawa ndio kipimo. Hadi leo Mmarekani anasoma miaka minne ya chuo, halafu minne ya tiba.

Kwingine njia hii ilikuja baadaye sana, na kwa sababu nyingine. Flinders ya Australia iliianza mwaka 1996. St George's ya London ikafuata mwaka 2000, Uingereza ilipokuwa inataka kuongeza madaktari haraka. Ethiopia nayo mwaka 2012 ilianzisha mpango wa kuwachukua wenye shahada za sayansi kwa sababu hiyohiyo ya upungufu. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Wits huwaingiza wahitimu moja kwa moja mwaka wa tatu wa kozi yao ya miaka sita. Kwa hiyo Marekani sharti la shahada liliwekwa kuinua kiwango, lakini Uingereza na Ethiopia nia ilikuwa kupunguza muda. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kama tutakavyoona kwenye hesabu.

Miaka minne inatoshaje? Kinachobanwa ni masomo ya mwanzo: anatomia, fiziolojia, biokemia na mengineyo ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili au zaidi. Yanasukumwa ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, likizo zinakatwa, na mhadhiri anachukulia kwamba kujisomea unajua. Wodini hakukatwi kitu. Ndiyo maana walimu wa kozi hizi hawababaiki sana na mwanafunzi aliyesoma historia. Wanababaika na yule ambaye shahada yake aliipata kwa kukariri siku tatu kabla ya mtihani.

Sasa maombi. Uingereza unaomba kupitia UCAS, mfumo mmoja wa nchi nzima, na kwa udaktari unaruhusiwa vyuo vinne tu. Vingi vinataka Upper Second, yaani daraja la pili la juu, ambayo kwa mfumo wetu ni GPA ya 3.5 hadi 4.3, ingawa kila chuo kina namna yake ya kulinganisha vyeti vya nje. Baadhi havijali ulisoma nini, vingine vinadai sayansi. Halafu kuna mtihani. Kuna UCAT, unaopima wepesi wa kufikiri kwa kompyuta na saa ikikukimbiza, na kuna GAMSAT, uliotungwa Australia kwa ajili ya wahitimu hasa. GAMSAT una sehemu tatu: kusoma na kufasiri maandishi ya fasihi na jamii, kuandika insha, na sayansi. Wanasayansi wetu wengi wakiuona wanakimbilia kemia, na hapo ndipo wanapokosea njia. Kemia wanaiweza, insha ndiyo itakayowashika. Aliyesoma Mlimani miaka mitatu kwa Kiingereza cha notsi anahitaji miezi ya kuandika aya zenye hoja, si ya kurudia jedwali la elementi.

Marekani mtihani ni MCAT, alama zake zikianzia 472 hadi 528, na juu yake vyuo vinataka kozi kadhaa za biolojia, kemia, kemia ya kaboni (organic chemistry) na fizikia zilizo na maabara.

Ukipita karatasi unaitwa usaili. Vyuo vingi hutumia mtindo uliobuniwa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada: badala ya jopo moja, unazunguka vituo vingi vifupi, dakika chache kila kimoja. Kituo hiki unamweleza mwigizaji anayejifanya mgonjwa kwamba majibu ya vipimo vyake yamepotea, kile unaulizwa ungefanya nini ukimwona mwenzako kazini amelewa. Hawatafuti jibu sahihi, wanatazama unavyofika kwenye jibu. Hapa aliyewahi kujitolea kweli hospitalini anaonekana mara moja. Na kwa Dar nafasi hiyo ipo kwa anayefuata taratibu: unaandika barua kwa Mganga Mfawidhi wa Amana, Temeke au Mwananyamala, unasubiri, unakubali kazi utakayopewa. Kusukuma kiti cha magurudumu na kumwelekeza bibi aliyetoka Mkuranga dirisha la malipo ni uzoefu halali kabisa. Usiandike kwamba ulisaidia upasuaji. Watakuuliza.

Turudi nyumbani. Tanzania haina kozi ya MD ya miaka minne kwa wahitimu. MD ni miaka mitano kwa kila anayeingia, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Sifa zinazoangaliwa ni zile za mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania: ufaulu wa kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Biolojia, au stashahada inayokubalika, hasa ya utabibu, yenye wastani wa B au GPA ya 3.0 pamoja na masomo ya sayansi ya kidato cha nne. BSc yako nzuri haifuti S ya fizikia uliyoipata ukiwa na miaka 18. Hili huwaumiza watu, na sioni ubaya wakiumia: miaka mitatu ya chuo kikuu inasema mengi kuhusu mtu kuliko karatasi tatu za mwezi Mei. Lakini ndivyo mfumo ulivyo.

Waliokaribia zaidi kufanana na wahitimu hao wa ng'ambo ni matabibu wetu, wale ambao watu huwaita CO (clinical officer). Wametibu vituo vya afya kwa miaka, wengine wana familia, kisha wanaingia MD na kuanza mwaka wa kwanza sawa na wote. Hakuna anayewapunguzia hata muhula. Ukiuliza wanafunzi wa mwaka wa tatu nani darasani anajua kuongea na mgonjwa, mara nyingi watakuonyesha mmoja wao.

Basi tupige hesabu. Mtu wa miaka 25 mwenye BSc na ufaulu mzuri wa PCB akiingia MD hapa anatumia miaka mitano. Akienda Uingereza anatumia minne. Ameokoa mwaka mmoja, na huenda mwaka huohuo aliutumia kufanya mitihani na kusubiri visa. Mwingereza anaona faida kwa sababu kozi yao ya kawaida hufika miaka mitano au sita na serikali yake inamsaidia kulipa. Mtanzania analipa ada ya mwanafunzi wa nje, makumi ya maelfu ya pauni kwa mwaka, tena akigombea nafasi chache, kwani England imeweka kikomo cha asilimia 7.5 ya nafasi za udaktari kwa wageni. Marekani vyuo vingi havipokei kabisa asiye raia au mkazi wa kudumu, na baadhi ya vinavyopokea hutaka uoneshe ada ya miaka yote ikiwa tayari benki. Huku nyuma, kama ulikopa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, na unafanya kazi, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi, na deni hilo haliishi kwa wewe kuacha kazi.

Kwa maoni yangu, mwenye sifa za TCU aombe hapa. Njia ya wahitimu inamfaa aliyenyimwa na matokeo ya kidato cha sita lakini akang'ara chuo kikuu, na ambaye ana ukazi wa nchi anayokwenda au ufadhili wa uhakika. Asiye na hivyo ana milango miwili isiyo na mbwembwe: kurudia mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au stashahada ya utabibu ya miaka mitatu. Ni njia ndefu, ndiyo.

Anayeondoka asimlipe wakala kabla ya kupita TCU. Tume hutoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ndiyo itakayotambua shahada hiyo ukirudi. Baada ya hapo kuna mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika kwa waliosoma nje, ndipo uanze mafunzo kwa vitendo. Tangazo la "udaktari wa miaka minne bila mtihani wowote" linaloning'inia kwenye nguzo ya umeme linaruka hatua hizi zote.

Na kuna suala la kalenda, linalowatoa watu wengi mchezoni. Hapa umezoea kuomba katikati ya mwaka na kuingia darasani mwaka huohuo. UCAS hufunga maombi ya udaktari tarehe 15 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, na UCAT lazima uwe umeufanya kabla ya hapo. Transkripti na barua ya mhadhiri viombwe Juni au Julai, kabla mhadhiri huyo hajasafiri kwenda kwao likizo.