Breki kuchemsha maana yake nini, kwa wenye Subaru na wengine wote wanaoshuka Manyovu

Neno lenyewe utalisikia gereji yoyote pale Mwanga, hapa kwetu Kigoma, "breki zimechemsha", na watu wa magari ya mbio nao wana la kwao, wanasema breki zimefedi. Kitu ni kilekile: breki ambazo robo saa iliyopita zilikuwa zinashika vizuri tu, sasa unakanyaga na gari haina habari na wewe. Hakuna kilichokatika, hakuna mafuta yaliyovuja, na ukipaki nusu saa zinarudi kama hazijawahi kukukosea. Ndo maana watu wengi hawaamini, unampelekea fundi gari siku ya pili anakanyaga mara mbili anakwambia mbona breki nzima hizi bosi.

Mi nilielewa siku tunatoka harusini Manyovu na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, na Impreza WRX yake ambayo alikuwa ndo kwanza kaipaka kalipa rangi nyekundu, yani kile chuma chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski. Gari ya kwenda ile. Kutoka kule juu, ukishapita Kalinzi kwenye kahawa, barabara inaanza kukushusha kuelekea Mwandiga, kona juu ya kona, na dogo alikuwa anafanya kama anavyofanya siku zote, anaiachia kwenye kipande kilichonyooka afu anaikanyaga mbele ya kona, anaiachia tena, anaikanyaga tena. Kona ya sijui ya ngapi nikamsikia anasema "kaka, pedali inaenda chini". Akaipampu, ikarudi kidogo, ikashuka tena. Nikamwambia tia gia ya pili, sasa hivi, injini ikapiga kelele kweli lakini gari ikatulia, tukaiingiza pembeni kwenye changarawe na hendibreki ikamalizia. Tulivyoshuka moshi unatoka kwenye rimu za mbele, na harufu kama mtu kasahau pasi juu ya suruali.

Sasa nini kilitokea pale. Watu wengi tunafikiri kazi ya breki ni kushika, lakini ukweli kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, basi, hakuna pengine mwendo unapoenda. Gari ya kilo 1,400 ikiwa spidi 100 imebeba nguvu ambayo ukiigeuza yote kuwa joto inachemsha lita moja na nusu ya maji ya bomba na chenji inabaki. Kituo kimoja tu hicho, yani kusimama mara moja. Ukiwa 140 sio kwamba imeongezeka asilimia 40, imekaribia kuwa mara mbili, maana spidi inajizidisha yenyewe kwa yenyewe. Na mteremko nao una hesabu yake, kila mita 100 unazoshuka kwenda chini, yani kimo sio urefu wa barabara, ukiizuia gari ile kwa breki peke yake ni kama umesimama ghafla kutoka spidi 100 mara mbili na nusu. Piga mwenyewe kutoka milima ya Manyovu mpaka usawa wa ziwa, ni mamia ya mita, na sehemu kubwa ya joto lote hilo linabebwa na diski mbili za mbele kwa sababu ukikanyaga breki gari inainamia mbele.

Diski inapokea joto, inalitoa kwa upepo taratibu. Ukiipa kwa haraka kuliko inavyolitoa, linajazana, linahamia kwenye pedi, kwenye kalipa, mpaka kwenye mafuta ya breki. Kuchemsha ni hapo.

Ila kuna kuchemsha kwa aina mbili, na mguu wako unaweza kukwambia ni ipi. Ya kwanza ni ya pedi. Pedi inatengenezwa kwa mchanganyiko wa vitu vilivyogandishwa na gundi maalum na kila pedi ina joto lake la mwisho, ukilipita ile gundi inaanza kuungua, inatoa gesi na inateleza juu ya diski. Hapo pedali inabaki ngumu kabisa, unasukuma kama unasukuma ukuta, gari haipungui. Ya pili ni ya mafuta, hii ndo mbaya zaidi. Mafuta ya breki hayabonyei, ndo maana ukisukuma huku kalipa inasikia kule. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwahiyo mguu wako unakamua mapovu badala ya kusukuma pistoni, pedali inakuwa kama sponji afu inalala chini. Ya dogo ilikuwa hii ya pili. Na yakipoa mvuke unarudi kuwa maji, pedali inapanda, fundi anakwambia mbona nzima.

Na kwanini yachemke? Jibu lipo kwenye kichupa. DOT ni daraja la mafuta ya breki lililoandikwa kwenye chupa, na DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yote yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, hata kama mfuniko umefungwa, yanapenya kwenye mipira kidogo kidogo. DOT 4 mpya kabisa kiwango chake ni isichemke chini ya digrii 230, lakini yakishanyonya maji kufika asilimia 3.7 kiwango kinashuka mpaka 155. DOT 3 ni 205 ikiwa mpya na 140 ikishalowa. DOT 5.1 ni 260 na 180. Ona DOT 4 iliyolowa inavyopigwa na DOT 3 mpya ya bei rahisi, kwa mbali sana. Sasa sisi tunakaa pembeni ya ziwa, mvua zikianza mwezi wa kumi au wa kumi na moja ni mpaka wa nne wa tano huko, unyevu upo wa kutosha. Ndo maana inasemwa badilisha kila miaka miwili, na mtu wa gari yenye mbio akibadilisha kila mwaka simcheki. Tulivyofungua yale ya dogo yalikuwa rangi ya chai ya rangi iliyolala. Nilimuuliza mara ya mwisho yalibadilishwa lini akasema "si huwa naongeza".

Kuongeza sio kubadilisha. Kinachotakiwa ni kutoa ya zamani yote na kutoa upepo ulio ndani ya breki, tairi moja moja, mpaka yaje masafi, na chupa ifunguliwe siku hiyohiyo, ile ya nusu iliyokaa kwenye rafu tangu mwaka juzi imeshakunywa maji yake. DOT 5 bila ile nukta moja ni kitu kingine kabisa, ni ya silikoni, haichanganywi na hizo, usidanganywe na namba kubwa. Na jamani, huku kwetu nimeona mtu anaambiwa oili yoyote nyepesi inafaa kusukumia. Oili ya injini au ya hydroliki ikiingia kwenye breki inavimbisha mipira yote, ya masta silinda (ile pampu inayosukumwa na pedali) mpaka ya kalipa, hapo utanunua kila kitu upya.

Nirudi kwenye swali ambalo kila mwenye gari ya kwenda anauliza: nikifunga breki kubwa, zile kalipa za dhahabu za kampuni ya Brembo zilizokuja na STI, ile Impreza kali kuliko WRX, gari si itasimama karibu zaidi? Jibu linakera watu. Kama breki zako za sasa zinaweza kufikisha tairi mwisho wake, yani ukikanyaga kwa nguvu ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge, inaanza kutetemesha pedali, basi kituo kimoja cha ghafla hakitafupika kwa kufunga kalipa kubwa, kinachosimamisha gari pale ni mpira unaogusa lami. Tairi za mtumba zilizokauka zinakula faida yote ya Brembo. Breki kubwa faida yake ni kituo cha pili, cha tano, cha kumi na tano. Diski kubwa ina chuma kingi cha kubebea joto na eneo kubwa la kulitolea, ile yenye nafasi katikati inapitisha upepo, kwahiyo inakawia kuchemsha. Unanunua uvumilivu, na uvumilivu ni kitu halali kabisa kukinunua, mi sipingi, napinga tu mtu kuanzia huko.

Ukiniuliza mimi hela ianzie kwenye mafuta ya breki, maana ni ya bei ndogo kuliko vyote na ndo yaliyotaka kutuua. Afu pedi nzuri zenye kiwango cha joto cha juu kuliko za kawaida, ila za barabarani, sio za mashindano, zile za mashindano zikiwa za baridi hazishiki, asubuhi unatoka Ujiji unaenda kazini zinakuwa kama mbao. Afu mipira ya breki ile yenye waya wa chuma nje, haiongezi nguvu ila haivimbi vimbi ukikanyaga, pedali inakuwa imara. Diski nzuri. Kalipa kubwa mwisho, na kabla hujalipa pima rimu, zile Brembo za STI zenye diski ya mbele ya milimita 326 zinataka rimu ya inchi 17, rimu 15 haiingii hata uombe. Na ukikuza mbele bila kuangalia nyuma na masta silinda unaweza kupata gari inayoshika mbele tu, nyuma imelala, au pedali inayoenda ndefu kwa sababu pistoni kubwa zinataka mafuta mengi. Diski za matundu matundu zinapendeza kwenye picha lakini yale matundu ndo mahali nyufa zinapoanzia ukizichosha, za mistari ni bora.

Pedi mpya nazo zina jambo ambalo mafundi wengi hawakwambii. Zinatakiwa kuzoeshwa. Unatafuta barabara tupu, unaenda kama 60, unapunguza kwa nguvu ya wastani mpaka kama 10 bila kusimama, unarudia mara nane au kumi, afu unaendesha dakika kadhaa bila kugusa breki zipoe. Lengo ni pedi iache tabaka jembamba sawasawa kwenye diski. Ukizikosa hizo, pedi mpya inaweza kuchemsha mapema kuliko ya zamani, safari ya kwanza tu ya mlimani. Na zikiwa za moto usisimame huku umekanyaga, pedi inaacha alama sehemu moja, kesho usukani unatetemeka ukikanyaga na unaambiwa diski imepinda, kumbe mara nyingi haijapinda, imepakwa.

Kingine ni kuosha. Umeshuka na joto lote lile unafika mjini unapitiliza moja kwa moja kwenye kuosha gari, kijana anapiga maji ya presha kwenye rimu, tshhh. Chuma cha moto na maji ya baridi, diski inaweza kupasuka. Kaa kwanza kula, subiri.

Pini za kalipa watu wanazisahau kabisa. Kalipa nyingi za kawaida zinateleza juu ya pini mbili, na vumbi la huku na tope la masika vikiingia kwenye mpira uliochanika pini inakwama, pedi inabaki imegusa diski hata hujakanyaga, yani unachemsha breki ukiwa kwenye tambarare. Ukitoka safarini sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiguse, tairi moja likiwa la moto kuliko mwenzake wa upande wa pili hapo pana pini au pistoni imeganda. Pini zipakwe grisi ya silikoni ya breki, sio ya beringi. Pedi ikibaki milimita 3 badilisha, pedi nyembamba inapitisha joto haraka kwenda kwenye pistoni, na diski yenyewe ina unene wa mwisho uliochongwa pembeni yake, fundi akitaka kuipeleka kuchongwa apime kwanza.

Ila yote hayo, uendeshaji wa mteremko ndo unaoamua. Gia unayoshukia iwe ya chini, na kwenye otomatiki kuna 2 na L, hazijawekwa pambo. Acha injini ikushikie, breki ije kwa mikanyago mifupi yenye nguvu afu uachie zipate upepo, sio kuegemeza mguu kilomita nzima. Wanaoshuka fri, yani gia imetolewa, kuokoa mafuta wajue kwamba gari za injeksheni ukiachia mafuta huku gia imeingia injini inakata mafuta yenyewe, ukiwa fri ndo inakunywa ili isizime. Na anayezima kabisa anaua na busta, ile inayousaidia mguu wako kusukuma breki, pedali inakuwa jiwe baada ya mikanyago miwili mitatu.

Dogo tulimwagia DOT 4 mpya, tukamfungia pedi nzuri, tukakuta pini moja ya mbele kushoto imeganda kabisa, mpaka nyundo. Tumepanda tena Manyovu mara mbili tangu siku ile na kushuka, pedali ipo palepale ilipo. Sa hivi anatafuta rimu 17.